Lisemwalo Halipo

Mwaka jana, katika semina ya mbinu za utafiti wa historia, nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu kumi wa uzamili nikawauliza swali moja kabla sijawasha projekta: Dkt. Robert Ouko aliuawaje?

Wote walikuwa na jibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezaliwa mwaka 1990, lakini kila mtu alijua. Wa kwanza alisema chanzo ni Washington, ambako Rais George Bush alimchangamkia Ouko kuliko alivyomchangamkia bosi wake. Mwingine akasema hapana, ni kile kiwanda cha molasi cha Kisumu na hongo zake. Wa tatu alimpeleka marehemu hadi Ikulu ya Nakuru, akatueleza nani alikaa wapi na nani alisema nini, utadhani yeye ndiye aliyekuwa akipitisha chai. Simulizi moja ilikuwa na helikopta.

Nikauliza swali la pili. Usiku ule, kwenye nyumba ya Koru, nani alikuwa macho, na alisema aliona nini?

Kimya. Halafu mwenzangu mmoja, mtu makini ninayemheshimu sana, akauliza: "Kwani kulikuwa na mtu?"

Alikuwepo. Naandika makala haya kwa sababu ya ile "kwani".

Mambo yenyewe, kwa wale ambao hawakuyasoma shuleni (nasi hatukuyasoma), ni haya. Ouko alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya. Mwanzoni mwa Februari 1990 alirejea kutoka Washington katika msafara wa Rais Moi, na siku chache baadaye alikuwa kwenye shamba lake la Koru, karibu na Muhoroni. Usiku wa kuamkia tarehe 13 akatoweka. Tarehe 16 polisi walitangaza kwamba mwili wake umepatikana chini ya kilima cha Got Alila, si mbali na nyumbani kwake. Alikuwa amepigwa risasi kichwani, mguu wa kulia umevunjika, mwili umechomwa. Kando yake kulikuwa na bastola na jerikeni la dizeli. Polisi walianza kwa kudokeza kwamba waziri alijiua. Vijana wa Kisumu wakaingia barabarani, Serikali ikaona moto, na Moi akaomba wapelelezi wa Scotland Yard waje wakiongozwa na John Troon. Baada ya ripoti ya Troon ikaundwa tume chini ya Jaji Evan Gicheru. Tume hiyo ikavunjwa Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru, Jonah Anguka, alishtakiwa kwa mauaji. Kesi ya kwanza ikakatika jaji alipofariki, ya pili ikamwachilia huru mwaka 1994. Baadaye Kamati Teule ya Bunge chini ya Gor Sungu ikaanza upya mwaka 2003, na Bunge lenyewe likaja kuikataa ripoti yake. Mpaka leo hakuna mtu aliyepatikana na hatia.

Sasa mashahidi. Sitawataja majina ingawa yamo katika rekodi za umma. Hawakuomba kuwa maarufu, na nusu ya shida ninayoizungumzia ni kwamba tunajua majina ya wote waliokuwa mbali na kuyasahau ya waliokuwa karibu. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa nyumbani pale Koru. Alisema aliamshwa na kishindo karibu na saa tisa usiku, akatazama nje, akaona gari jeupe chini ya njia inayoingia nyumbani, likigeuza kuondoka. Wa pili alikuwa mvulana mchungaji. Alisema aliuona mwili pale Got Alila mchana wa tarehe 13, yaani saa chache tu baada ya gari lile, na siku tatu kabla polisi "hawajaupata".

Ni hayo tu. Hakuna Bush, hakuna molasi, hakuna Ikulu. Mwanamke mmoja na dirisha, mvulana mmoja na mifugo yake.

Ndiyo maana hatuwakumbuki. Ushahidi wao hauna utamu. Hausemi kwa nini, na sisi tuna njaa ya kwa nini. Lakini hebu uchukue hayo mawili uyapime juu ya zile hadithi tamu uone yanavyozikata.

Anza na ile ya Serikali, maana hadithi ya kujiua nayo ilikuwa uzushi, ila ulivaa sare. Ukiukubali, inabidi uamini kwamba waziri alitoka nyumbani usiku, akatembea hadi kilimani na jerikeni la dizeli, akajivunja mguu, akajipiga risasi kichwani na kujichoma moto. Na gari lile jeupe? Lilikuja kufanya nini saa tisa usiku? Ili kujiua kuwezekane, mfanyakazi yule lazima awe aliota. Kwa hiyo kumpuuza hakukuwa bahati mbaya. Ilikuwa sharti la uongo ule kusimama.

Sasa geukia hadithi zetu, za sisi tusioamini Serikali. Nimesikia kwamba Ouko alifungiwa mahali siku mbili akiteswa, kisha akarudishwa kutupwa karibu na kwake. Nimesikia ya Nakuru. Mvulana anasema mwili ulikuwa pale mchana wa tarehe 13. Kama alisema kweli, kuanzia gari lile hadi mwili kulazwa pale kuna saa kumi hivi. Siku mbili za mateso haziingii humo. Nakuru ni zaidi ya kilomita mia kutoka Koru; kwenda, kufanya yote yanayosimuliwa, na kurudi kabla ya saa saba mchana, bila mtu yeyote wa njiani kuona, labda inawezekana kwa shida, lakini anayesimulia hadithi hiyo ana deni la kueleza saa zenyewe. Sijawahi kukutana na msimulizi aliyelipa deni hilo. Wengi hawajui hata kwamba wanadaiwa.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Kuna watu, wengine ni wahadhiri wenye vyeo, wanaoamini kwamba kwenye mauaji ya kisiasa mashahidi ni wa kupamba tu, na kwamba kazi ya akili pevu ni kutafuta "mkono ulio nyuma". Wakiulizwa ushahidi wanatabasamu na kukupa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sijui methali iliyotudhuru zaidi katika mambo haya. Yaliyosemwa kuhusu Ouko yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Hayawezi kuwepo yote. Mengi hayapo wala hayatakuja. Yalisemwa kwa sababu yalipendeza kusemwa.

Angalia pia nani anapendeza ndani yake. Katika kila toleo wahusika ni marais, mawaziri, mabalozi, wafanyabiashara wa Ulaya. Tunajiona waasi tunapoyasambaza, kumbe tunaendeleza kanuni ileile ya kikoloni na ya chama kimoja, kwamba historia hufanywa na wakubwa na hujulikana na wakubwa. Upelelezi wenyewe ulielekea huko. Sababu mbili zilizotawala mjadala, safari ya Washington na kiwanda cha molasi, zilitegemea sana maneno ya watu ambao hawakuwa Koru usiku ule. Katika suala la molasi walikuwemo washauri wawili wa kigeni waliokuwa na madai yao ya fedha kwa Serikali ya Kenya. Sisemi walidanganya. Nasema mtu mwenye madai ya fedha na asiyekuwepo anapimwa kwa mizani moja, na mtu aliyekuwepo na asiye na cha kupata anapimwa kwa nyingine; sisi tumezibadilisha mizani hizo. Swali la "gari la nani?" likamezwa na swali la "kwa nini?" Swali la kwanza lina jibu moja, na jibu hilo lina nambari ya usajili. La pili lina majibu mengi kama watu.

Kiswahili cha magazeti yetu bado humwita mwanamke wa kazi ile "mjakazi". Fikiria neno hilo lilikotoka. Halafu ushangae kwa nini anachosema hakikai kichwani mwa msomaji.

Nina sababu yangu binafsi ya kukasirika, na ni haki msomaji aijue ili anipime nami. Mama yangu alifanya kazi za nyumbani Nairobi kwa miaka kumi na minne. Nikiwa darasa la sita, mlinzi wa lango la mtaa aliokuwa akifanyia kazi aligongwa na gari usiku na dereva akatoroka. Mama alikuwa jikoni, taa imezimwa, akisubiri maji yachemke. Aliona. Asubuhi polisi walipokuja walizungumza na mwenye nyumba, ambaye alikuwa amelala, na baba mwenye nyumba wa jirani, ambaye alikuwa safarini. Mama aliulizwa mwisho, akiwa amesimama. Alisema gari lilikuwa la rangi ya samli, taa moja ya nyuma haiwaki, na kwamba uso wa dereva hakuuona. Karani aliandika kwamba shahidi hakuona vizuri.

Baada ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa na hadithi. Mlinzi alikuwa mshirika wa majambazi, walikosana kwenye kugawana, wakammaliza. Hadithi hiyo ilikuwa na majina, ilikuwa na kiasi cha fedha. Aliyeisimulia zaidi ni yule baba aliyekuwa safarini. Ndugu wa mlinzi walikuja kuchukua virago vyake wakakuta watu wanawatazama kama jamaa wa mwizi.

Nilipomuuliza mama, miaka mingi baadaye, kwa nini hakusema aliuona uso, maana pengine wangemsikiliza zaidi, alinitazama kama mtu aliyenilea vibaya. "Nilichoona niliwaambia," alisema. "Nisichoona ningekitoa wapi?"

Najua jibu la wajuzi. Wataniambia macho hudanganya. Ni kweli, na sitaki kulikwepa jambo hili, kwa sababu wanaotetea mashahidi kwa upofu wanawaharibia kesi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza yalikuwa yakienda kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, chenye maana ya magari kupondana, walitaja wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chepesi, chenye maana ya kugusana tu, walitaja karibu 32. Filamu ni zilezile, neno moja tu limebadilika. Kumbukumbu huumbwa upya kila inapoitwa, na anayeuliza naye ana mkono katika kuiumba.

Kwa hiyo mfanyakazi yule anaweza kuwa amekosea rangi, maana usiku taa za gari hudanganya. Anaweza kuwa amekosea saa. Mvulana anaweza kuwa amechanganya siku. Mtoto anayechunga hana kalenda mfukoni, na mambo haya aliyaeleza mbele ya watu wakubwa wenye suti baada ya nchi nzima kulipuka. Haya yote ni ya kupimwa. Alisema lini kwa mara ya kwanza? Alimwambia nani kabla ya hapo? Kutoka pale aliposimama, chini ya njia kunaonekana? Je, maneno yake yanabadilika upepo wa siasa unapobadilika? Maswali ya namna hii ni ya kuchosha, hayapati hata alama moja ya kupendwa mtandaoni, na ndiyo kazi yenyewe.

Ila tazama tofauti. Ushahidi wa mtu unaweza kukutwa na kosa. Unaweza kwenda Koru, ukasimama, ukatazama, ukasema: hapana, hapa huwezi kuona. Nadharia ya njama haina dirisha unaloweza kwenda kusimama. Ukikosa ushahidi, umefichwa. Ukiupata unaoipinga, umepandikizwa. Shahidi akifariki, ameuawa. Hili la mwisho ndilo lililonichosha kuliko yote: ile orodha ya mashahidi wa Ouko waliokufa. Kila mwaka inaongezeka. Nimeisikia ikiwa watu kumi na watano, nimeisikia ikiwa zaidi ya mia. Pengine wamo humo waliouawa kweli; sitashangaa. Lakini ni zaidi ya miaka thelathini sasa, waliokuwa na miaka hamsini wangekuwa na themanini na ushee, na orodha isiyoeleza nani alikufa kwa nini na alikuwa shahidi wa jambo gani haimtetei yeyote. Inatufundisha tu kwamba kusema ni kufa. Sijui muuaji gani asingependa somo hilo lifundishwe bure.

Mwenzangu mmoja alinijia baada ya semina akaniambia, kwa upole, kwamba ninawafanyia kazi wauaji. Kenya njama zimekuwepo, alisema. Ukidai ushahidi wa macho kila mara, unawakinga wanaojua kuua gizani. Ni hoja nzito kuliko zote nilizopata, na jibu langu ni JM.

Machi 1975 Josiah Mwangi Kariuki, mbunge, alitoweka. Kulikuwa na hadithi ya wakubwa: gazeti likaandika yuko Zambia. Ilikuwa habari nzuri, yenye safari ya nje ndani yake, na ilikuwa ya uongo kabisa. Wakati huo mwili wake ulikuwa umeshaonwa vilimani Ngong. Na nani? Mchungaji wa Kimaasai. (Katika nchi hii, wanasiasa waliouawa huonwa kwanza na wachungaji; laiti wachungaji wangepewa nafasi ya kuandika historia ya jamhuri.) Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilipoketi, haikuanza na nani ana chuki na nani. Ilianza na hoteli ya Hilton: nani alimwona JM akitoka, saa ngapi, akiwa na nani. Kwa njia hiyo ya kizamani, ya mtu aliyeona akimwambia mtu anayeandika, ikamfikia mkuu wa GSU, Ben Gethi, kama mmoja wa watu wa mwisho kuwa naye. Ripoti ilipopelekwa kwa Rais Kenyatta, majina mawili ya watu wake wa karibu yaliondolewa kabla haijafika Bungeni. Waliokuwa serikalini na bado wakaipigia kura, akiwemo Masinde Muliro, walifutwa kazi.

Hakuna aliyefutwa kazi kwa kusambaza ile ya Zambia. Wenye mamlaka walijua kipi cha kuogopa. Uvumi waliuacha ukimbie; wakakata kurasa zenye ushahidi. Njama za kweli hufichuliwa na watu waliosimama mahali fulani saa fulani, na ndiyo sababu wanaozipanga huanza kwa kuwanyamazisha hao, si kuzinyamazisha vinyozi.

Kwa hiyo simtetei yeyote. Nadhani Ouko aliuawa na zaidi ya mtu mmoja, na nadhani aliyeuawa kwa namna ile, akiwa waziri, hakuuawa na watu wasiojulikana na mtu yeyote serikalini. Hiyo ni dhana yangu, na tazama nilivyoiandika: "nadhani", mara mbili. Waandishi wa kizazi chetu wameliacha neno hilo. Wanaandika kitabu cha hadithi na kukiita uchunguzi, wanaandika mazungumzo ya chumba kilichofungwa na kuweka alama za kunukuu. Kisha wanalalamika kwamba Serikali haiaminiki. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo walitoa kitabu kizima juu ya kifo hiki mwaka 2004 bila kumtaja muuaji, kwa sababu walichokichunguza ni namna ujuzi wenyewe ulivyotengenezwa. Nimeazima nakala ya maktaba mara tatu. Kadi ya nyuma inaonyesha kwamba kabla yangu kilikuwa hakijatoka kwa miaka sita. Sauti ya WhatsApp yenye helikopta imenifikia mara saba.

Mara ya mwisho ilitoka kwa mjomba wangu, kaka wa mama huyohuyo. Imeandikwa juu yake "imesambazwa mara nyingi", na yeye ameongeza chini: "Vijana someni historia yenu." Nilimjibu kwa adabu zote. Nilimwamkia, nikauliza hali ya shangazi na ya ng'ombe, kisha nikamwomba anisaidie kwa tasnifu yangu: mjomba, huyu anayeongea alikuwa wapi saa tisa usiku ule, na gari analolisema lilikuwa la rangi gani? Alama mbili za kusomwa ziligeuka buluu Jumatano asubuhi. Leo ni Jumapili. Asubuhi ya leo ametuma kwenye kundi la familia sauti nyingine, ya dakika kumi na moja, inahusu Tom Mboya.